Majumba ya Mji Mkongwe na nyumba za wakfu: nani atakaa ndani?



Msafiri anayeshuka boti katika bandari ya Malindi, Unguja, akatoka getini na kushika njia ya Mizingani, haendi mbali kabla hajaliona jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa kama kitambaa cha lasi, na vioo vya rangi juu ya madirisha yake. Wenyeji hawaliiti hoteli wala kasri. Wanaliita Zahanati ya Ithnaasheri, au Zahanati ya Zamani, ijapokuwa ni miaka mingi hakuna mgonjwa aliyekwenda pale kuchukua dawa. Historia ya jengo hili peke yake inatosha kutufungulia mada yetu ya leo, nayo ni hii: nyumba kongwe za mjini zikishamaliza kazi ziliyojengewa, zifanywe nini? Na kiwanja kinachobaki baada ya nyumba kuanguka kijengwe nini, na kwa faida ya nani?

Aliyeanza kulijenga ni Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia mwenye asili ya Kutch, India, ambaye katika zama za Sayyid Barghash alikuwa miongoni mwa watu wenye fedha nyingi kabisa Unguja. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, na nia yake ilikuwa hospitali. Hakuishi kuiona. Alifariki mwaka 1891, na mjane wake ndiye aliyeendeleza kazi hadi ikamalizika mwaka 1894. (Mjane huyo hutajwa mstari mmoja tu katika vitabu, na hali yeye ndiye aliyemaliza.) Mwaka 1900 jengo likanunuliwa kwa mali iliyoachwa na tajiri mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, wa jamii ya Ithnaasheri. Chini ikawekwa zahanati ya bure, juu pakawa nyumba za kukaa watu. Tazameni mpango huo: dawa kwa masikini chini, familia juu, jengo moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilikuwa mikononi mwa serikali, likachakaa mpaka roshani zikaanza kuoza. Mwaka 1990 likakabidhiwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, likatengenezwa kwa miaka kadhaa na kufunguliwa tena katika miaka ya 1990 likiwa kituo cha utamaduni.

Basi jengo moja, katika miaka mia na kidogo, limekuwa hospitali ya nia, zahanati ya kweli, makazi, gofu, na kituo. Wala hili si jambo geni pwani yetu.

NGOME ILIYOVAA KANZU NYINGI

Ngome Kongwe pale Forodhani ilijengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno, miaka ya mwisho ya karne ya 17 na mwanzo wa ile ya 18. Walijenga juu ya kiwanja kilichokuwa na kanisa la Wareno, na sehemu za majengo ya zamani zikaingia ndani ya kuta mpya. Karne ya 19 ngome ikawa kambi ya askari na gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitumika kama karakana ya reli ile ndogo iliyokuwa ikienda Bububu. Mwaka 1949 ikafanyiwa matengenezo na uwanja wake wa ndani ukawa mahali pa akina mama kucheza tenisi, kwa sababu kuta zile ndefu ziliwapa stara. Vijana wetu wakisikia hilo hucheka, lakini hakuna ubaya: kuta zilizojengwa kuzuia mizinga zilipata kazi ya kuzuia macho. Katika miaka ya 1990 pakajengwa ngazi za kukalia watazamaji, na tangu hapo imekuwa ukumbi wa maonyesho.

Wala hatuna haja ya kubaki Unguja tu. Ndugu zetu wa Kenya wana Ngome ya Yesu Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikawa gereza la Waingereza tangu 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821 au karibu na hapo, nayo ilikuwa gereza mpaka mwaka 1984. Wafungwa walipohamishwa ikakabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikawa na maonyesho, na pia ukumbi wa mikutano na maktaba ya watu wa mji. Mimi kwa maoni yangu huo wa Lamu ni mfano mzuri kuliko ule wa Mombasa, kwa sababu ndogo tu: mtoto wa Lamu anaweza kuingia ngomeni kusoma kitabu bila ya kuwa mtalii.

KWA NINI NYUMBA HIZI HUANGUKA

Wengi hudhani kwamba nyumba kongwe huanguka kwa sababu ya uzee. Uzee peke yake hauangushi nyumba. Iko misikiti Afrika Mashariki yenye umri mara mbili ya nyumba za Mji Mkongwe na bado imesimama. Ili kufahamu, inabidi kwanza tujue nyumba hizi zilijengwaje.

Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, mnene kiasi cha nusu mita na zaidi. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya tanuu la kuni, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae. Dari na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, zilizokuwa zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu. Boriti ya mkoko haina urefu mkubwa unaofaa, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani, za Lamu na za Unguja, ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, kisha chokaa inatwangwa kwa siku nyingi mpaka iwe ngumu.

Ukuta wa namna hii unapumua. Maji ya mvua yakiingia kidogo, jua likitoka hutoka. Sasa mtu akija na saruji, akauviringisha ukuta ule kwa plasta ngumu kwa nia njema ya kuuimarisha, unyevu unabaki ndani. Chumvi inajikusanya, chokaa ya katikati inageuka kuwa vumbi, na siku moja plasta inaanguka pamoja na nusu ya ukuta. Boriti ambayo ncha yake imezikwa katika ukuta wenye unyevu huoza kuanzia pale ambapo hakuna anayeiona. Kwa hiyo mafundi waliofunzwa na miradi ya uhifadhi tangu miaka ya 1990 wamerudishwa kwenye chokaa, ufundi ambao mababu zao walikuwa nao na uliokaribia kupotea.

Adui wa pili ni maji ya ndani. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja ikigawanywa kwa familia sita, kila moja itahitaji jiko lake na choo chake. Mabomba yanapitishwa katika kuta, mengine yanavuja miaka na miaka, na hakuna wa kuyaziba kwa sababu kila mpangaji anasema si yake. Paa la mabati likitoboka juu ya ngazi ya pamoja, nani atapanda? Hapo ndipo suala la ujenzi linapogeuka kuwa suala la umiliki, nalo ndilo kubwa zaidi.

WAKFU: NYUMBA ISIYOUZWA

Sehemu kubwa ya historia ya Mji Mkongwe haieleweki bila ya neno wakfu. Kwa faida ya watoto watakaosomewa makala hii: mtu huitoa nyumba yake, au shamba, au kisima, akaifunga isiuzwe, isirithiwe, wala isitolewe zawadi, na manufaa yake yakaelekezwa mahali alipopataja. Unguja watu waliweka wakfu nyumba kwa ajili ya mafuta ya taa za misikiti, kwa walimu wa vyuo, kwa ajili ya visima na makaburi. Wengi waliweka wakfu kwa watoto na wajukuu wao kizazi baada ya kizazi. Na jambo moja linalostahili kukumbukwa ni kwamba wapo waliowawekea wakfu watumwa waliowaacha huru, wakapata paa la kukaa wao na watoto wao. Katika mji ambao soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 tu, nyumba ya namna hiyo ilikuwa ndiyo tofauti baina ya kuwa huru na kuwa huru bila ya pa kulala.

Nyumba ya wakfu mara nyingi iliungana na ya jirani. Katika miji yetu ya mawe kuta hushirikiwa, vyumba vingine hupita juu ya kichochoro kwa wikio, na mtu aliyetaka kuongeza chumba aliegemeza boriti zake kwa jirani. Sheria ya Kiislamu ililitazama jambo hilo tangu mwanzo, na iko hadithi mashuhuri kutoka kwa Abu Huraira inayomkataza mtu kumzuia jirani yake kuchomeka boriti ya mbao katika ukuta wake. Ujenzi wa kujaza nafasi, ambao wapangaji miji wa leo huusomea vyuo vikuu, mafundi wa Lamu na Unguja waliufanya kwa kuzungumza na jirani barazani.

Tukirudi kwenye wakfu, mafakihi wana kanuni ambayo naiona ni ya hekima kubwa ya ujenzi: mapato ya wakfu kwanza huenda kwenye matengenezo ya wakfu wenyewe, kisha ndipo wanufaika wapate. Hata kama mwenye kuweka wakfu hakulitaja hilo katika hati yake, ndivyo ilivyo, kwa sababu nyumba ikianguka hakuna tena cha kugawa. Kwa lugha nyingine, kila nyumba ya wakfu ilizaliwa na fungu lake la ukarabati.

Fungu hilo lilikwenda wapi? Mwaka 1905 utawala wa Himaya ya Uingereza uliunda tume ya wakfu, na kwa sheria zilizofuata maafisa wa Kiingereza wakawa na sauti kubwa ndani yake kuliko makadhi. Waingereza waliuelewa wakfu kwa mazoea yao wenyewe ya sadaka. Baraza la Wafalme kule London liliamua mwaka 1894, katika kesi iliyotoka Bengal, kwamba wakfu wa familia ambao masikini wamewekwa mwisho kabisa wa mlolongo si wakfu wa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hukumu ya namna hiyo ikatolewa katika kesi ya kutoka Kenya. Mwislamu anayejua kwamba kumpa jamaa ni sadaka na ni kuunga udugu, hukumu hizi zilimshangaza, na bado zinashangaza.

BAADA YA 1964

Mapinduzi yalibadilisha wakaazi wa Mji Mkongwe karibu wote. Waarabu na Wahindi wengi waliondoka, wengine kwa kukimbia roho zao, wakaelekea Oman, Dubai, Dar es Salaam, Mombasa, Uingereza na Kanada. Nyumba nyingi zikataifishwa, na ndani yake zikaingizwa familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba, kwa kodi ndogo sana. Tusilipite hili kwa haraka, kwa sababu watu husimulia upande mmoja tu. Kwa familia iliyokuwa ikikaa nyumba ya udongo na makuti ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliogawanya mji, kupewa vyumba viwili katika jumba la mawe ilikuwa ni haki iliyochelewa. Kwa familia iliyotoka na begi moja, jumba lile lile lilikuwa ni dhulma. Watoto wa pande zote mbili wapo hai leo, wengine wanasoma jarida hili.

Kwa upande wa jengo lenyewe, hesabu ilikuwa mbaya. Kodi ndogo haikutosha kununua hata chokaa. Nyumba za wakfu zilibanwa vilevile: mpangaji alilipa kidogo, kamisheni haikuwa na cha kutengenezea, na ile kanuni ya mafakihi ikabaki kwenye vitabu. Serikali nayo ilielekeza fedha na nguvu zake Ng'ambo, kwenye majumba marefu ya Michenzani. Mji Mkongwe ukaachwa, na nyumba zikaanza kuanguka moja moja katika misimu ya masika.

Mwaka 1982 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliuchunguza mji na kuonya. Mwaka 1985 ukatangazwa kuwa eneo la hifadhi na ikaundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Uchunguzi wa mwaka 1992 ulihesabu majengo zaidi ya 1,700, na mengi yalikuwa katika hali mbaya. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kumbukeni pia kilichokuwa kikitokea wakati huo huo. Uchumi ulifunguliwa katikati ya miaka ya 1980, serikali ikaanza kuuza na kukodisha baadhi ya nyumba, na watalii wakaanza kuja. Ghafla jumba bovu likawa na bei. Mwenye fedha ndiye aliyeweza kuliokoa, na mwenye fedha mara nyingi alikuwa na hoteli kichwani.

HOTELI, NA KIWANJA CHA SHANGANI

Sipendi kusema kwamba hoteli ni mbaya. Ile nyumba ya zamani ya kampuni ya simu za chini ya bahari pale Shangani, ambayo ilikuwa kiungo cha waya uliofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, ilifunguliwa upya mwaka 1997 kuwa hoteli ya Serena. Kazi ilifanywa kwa uangalifu, vijana walipata ajira, mafundi walijifunza chokaa na uchongaji. Kama si hivyo, huenda leo pangekuwa na rundo la mawe.

Lakini hebu tuangalie ya Mambo Msiige, jirani yake. Jumba hili lilijengwa karibu na mwaka 1850 na tajiri wa Kiarabu wa ukoo wa Harthi, na jina lake lenyewe ni majigambo: msijaribu kuiga. Wazee husimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai. Baadaye likawa la wamisionari wa Kiingereza, likawa la ubalozi wa Uingereza, likawa hospitali ya Wazungu, na mwisho ofisi za serikali ambamo watu wa kawaida walikwenda kushughulikia karatasi zao. Katika miaka ya 2010 likakodishwa kwa mwekezaji. Jumba kongwe likatengenezwa, na kwenye uwanja wa pembeni, uliokuwa wazi mbele ya bahari, likajengwa jengo jipya la kuungana nalo. Hoteli ya Park Hyatt ikafunguliwa hapo mwaka 2015.

Ugomvi haukuwa juu ya jumba kongwe. Ulikuwa juu ya lile jipya: urefu wake, ukubwa wake, na ule uwazi uliopotea baina ya mji na bahari. Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake zaidi ya mara moja, na mwaka 2014 wataalamu walitumwa Unguja kuja kuona kwa macho. Somo lake ni chungu kidogo. Kulitengeneza jumba la zamani kwa uzuri kunaweza kutumika kama ruhusa ya kujenga kikubwa zaidi kando yake. Na nafasi iliyo wazi mjini si lazima iwe nafasi tupu: watoto hupigia mpira hapo, wazee hupunga upepo baada ya magharibi, na hakuna hati inayolitaja hilo.

Tofautisheni na bustani ya Forodhani, mwendo wa dakika chache tu. Pale palikuwa na forodha na bandari, kabla ya bandari kuhamia Malindi. Mwaka 1936 pakafanywa bustani, kwa kumbukumbu ya miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa. Ilipochakaa ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, ukuta wa bahari ukaimarishwa, na wauzaji wa urojo na mishikaki wakarudi. Jioni utaona familia za kutoka Michenzani na Jang'ombe zimekaa ukutani na watoto wao. Zipo lawama kwamba kila kitu kimekuwa nadhifu mno. Hata hivyo mlango haukufungwa.

SIKU YA TAREHE 25 DISEMBA

Beit al-Ajaib hatuwezi kuliruka. Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na fahari, kwa nguzo za chuma na roshani zinazolizunguka pande zote. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Kasri ya jirani, Beit al-Hukm, ikabomoka, na mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika. Katika ukarabati uliofuata mnara mpya wenye saa ukapachikwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib. Ndio mnara ambao vizazi vyote vya baadaye vimeujua. Tangu mwaka 1911 jengo lilikuwa ofisi za serikali ya kikoloni, baada ya Mapinduzi likawa la mafunzo na makumbusho ya chama, na katika miaka ya 2000 makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar, penye jahazi la kushonwa kwa kamba katikati ya ukumbi.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na jengo likafungwa kwa wageni. Fedha za matengenezo zikapatikana kutoka Oman, mafundi wakaanza kazi. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ikiendelea, mnara pamoja na sehemu kubwa ya uso wa jengo vikaporomoka. Wafanyakazi wawili walifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Walikuwa ni watu waliotoka majumbani kwao asubuhi kwenda kutafuta riziki, na katika habari nyingi za siku ile picha ya mnara ilipewa nafasi kubwa kuliko wao.

Pale pana funzo la kiufundi. Chuma kilichofunikwa na chokaa karibu na bahari hushika kutu, na kutu huvimba na kupasua kinachokizunguka. Jengo lililofungwa miaka minane bila ya mtu wa kuziba paa huharibika haraka kuliko lile lililojaa watu wanaolalamika kila mvua ikinyesha. Wapangaji wenye kelele ni kinga, japo maafisa wengi hawataki kusikia hivyo.

NYUMBA ZA WAKFU ZINAWEZA KUJITENGENEZA

Narudi kwenye wakfu kwa sababu hapo Waislamu tuna elimu yetu wenyewe, wala hatuhitaji kungoja mfadhili. Istanbul, baada ya mioto mikubwa ya karne ya 16 na 17, majumba mengi ya wakfu yaliungua na wasimamizi hawakuwa na fedha. Wanazuoni wakaruhusu mpango uliokuja kuitwa ijaratayn, yaani kodi mbili: mpangaji analipa kwa mkupuo kiasi kikubwa, na kiasi hicho kinajenga nyumba, baada ya hapo analipa kodi ndogo kila mwaka, naye anapata haki ya kukaa kwa muda mrefu. Wakfu ulibaki wakfu. Misri walikuwa na mpango unaofanana nao uliojulikana kwa jina la hikr. Mipango hii ilikuwa na kasoro zake: baada ya karne moja au mbili kodi ile ndogo ilikuwa haina thamani, na mpangaji akawa kama mwenye nyumba. Anayetaka kuiga leo aweke kipengele cha kupandisha kodi.

Karibu na zama zetu, Singapore, baraza la Waislamu lilikuwa na msikiti wa wakfu mtaa wa Bencoolen, katikati ya mji ambako ardhi ni ghali mno. Miaka ya mwanzo ya 2000 walikusanya mtaji kwa sukuk za musharaka, bila ya riba, wakajenga msikiti mpya pamoja na sehemu ya biashara na nyumba za kupangisha kwenye kiwanja hicho hicho. Kodi za juu zinahudumia msikiti wa chini. Huo ni ule ule mpango wa Zahanati ya Ithnaasheri ya mwaka 1900, ila umegeuzwa.

Suala la kubadilisha wakfu uliokufa, yaani kuuza gofu na kununua kingine kinachozaa, lina khitilafu. Mafakihi wa Hanafi wameliruhusu kwa masharti na kwa hukumu ya kadhi, na wa Shafii, ambao ndio madhehebu ya watu wengi wa pwani, wamekuwa wagumu zaidi. Ugumu huo una sababu. Mlango wa kubadilisha ukifunguliwa wazi, kila gofu lililo mbele ya bahari litatangazwa kuwa limekufa.

Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na sheria yake ilifanywa upya mwaka 2007. Kwa hiyo familia yenye hati ya zamani, iwe iko Bujumbura, Kampala, Mombasa au Muscat, iitoe kabatini. Hati nyingi ziliandikwa kwa Kiarabu na wajukuu hawawezi kuzisoma. Msomeshwe au mtafute wa kuwasomea, mjue nani alitajwa, na mjue kama mahali palipotajwa pana nyumba au pana kiwanja kitupu. Mambo ya namna hii yakiachwa mpaka wazee wafe, mwenye kumbukumbu anabaki kuwa dalali.

Na kwa wasomaji wetu wa Kongo, kuna nyumba moja Shangani inayowahusu. Hamed bin Muhammad, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alirudi kutoka Manyema na utajiri wa pembe za ndovu uliopatikana kwa damu ya watu wengi, akakaa Unguja hadi kufa kwake mwaka 1905. Nyumba yake ina mlango wa kuchonga ambao watalii huupiga picha. Baada ya 1964 iligawanywa kwa familia kadhaa, na kwa miaka mingi ndani yake mlipikwa ubwabwa, mkaanikwa nguo kwenye ngazi, na watoto wakakulia kwenye vyumba vya mtu aliyewahi kuwauza watoto wa wenzao. Mara kwa mara husikika mipango ya kuitengeneza. Watakaoitengeneza waanze kwa kuwauliza waliomo ndani paa linavuja wapi.